Mke wangu kalala njaa mara tatu kusubiri upasuaji, na mara tatu karudishwa nyumbani

Wakuu, uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa.

Mke wangu ana uvimbe kwenye kizazi, zile faibroidi. Huu mwaka wa tatu. Wenye wagonjwa wa aina hii wanajua: hedhi ya siku kumi na mbili, mabonge ya damu, pedi hazitoshi mpaka anaongeza vitambaa, usiku naamka kufua shuka kabla watoto hawajaamka. Watu wanatuambia tushukuru si saratani. Tunashukuru. Ila mtu akivuja namna hiyo kila mwezi damu inaisha. HB yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilishuka hadi 6.8, wakati mwanamke anatakiwa awe kuanzia 12. Kutoka jikoni hadi mlangoni anapumzika njiani.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta chenji kwenye mkoba wake nikakuta udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni, kaufunga kwenye pindo la khanga. Nilimfokea sana. Kliniki wakaniambia hamu ya udongo inaletwa na huohuo upungufu wa damu, na udongo nao unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Yaani nilikuwa namfokea mtu kwa kuumwa. Siku hizi namsimamia vidonge vyake mwenyewe, anavimeza kwa juisi ya machungwa. Chai nimeipiga marufuku saa hizo.

Sasa sikilizeni.

Tarehe ya kwanza tuliambiwa asile wala kunywa kuanzia saa sita usiku. Saa kumi alfajiri tumetoka Mbagala, saa kumi na mbili na nusu tuko kwenye benchi. Mgonjwa asiye na damu, tumbo tupu, amekaa pale na faili mapajani mpaka saa nane mchana. Kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa. Saa nane sista akatoka: leo haitawezekana, mashine ya usingizi imeharibika tangu jana.

TANGU JANA! Namba yangu ya simu imeandikwa juu ya faili kwa kalamu nyekundu. Jana hiyohiyo mtu angenipigia nusu dakika, mke wangu angekula ugali wake akalala.

Tarehe ya pili ndiyo imeniuma zaidi. Tuliambiwa tulete watu watatu wachangie damu. Nikamchukua mdogo wangu, jirani yangu, na kijana ninayefanya naye kazi. Wakatoa. Siku ya upasuaji tunaambiwa damu imetumika usiku, ameletwa mama aliyekuwa anatoka damu baada ya kujifungua. Ndugu zangu, kwa hilo sina kinyongo kabisa, yule mama alikuwa anakufa, ningeulizwa ningesema mpeni. Kinachoniudhi ni sentensi iliyofuata: "Baba, kalete wengine watatu." Mwanaume akichangia leo anakaa miezi mitatu ndipo achangie tena, mwanamke minne. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoa mwezi wa nyuma yake. Nawatoa wapi? Nilizunguka karakana za Keko nikiomba damu kama mtu anayekopa hela, mwingine ananiuliza nitamlipa shilingi ngapi. Damu haiuzwi, na hata ingeuzwa sina.

Tarehe ya tatu daktari hakuwepo. Hatukupewa maelezo zaidi ya hayo. Halafu wakasema vipimo vimepitwa na muda, turudie vyote. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini mimi hadi leo nalipa keshi dirishani. Vipimo vilevile, pesa mpya, kwa kosa ambalo si langu.

Mimi ni fundi samani. Siku nisiyoshika randa sina ujira. Kuna mteja alitoa advansi ya kitanda, amenipigia mara sita wiki hii, na ana haki. Mama mkwe amekuja kutoka Lindi kutusaidia watoto, ila mashamba yake yanamsubiri. Wapo wanaotushauri tuende kwa mganga wa majani. Siwalaumu sana, mtu akizungushwa hivi anaanza kusikiliza lolote.

Sijaja hapa kuwatukana manesi. Nimewaona, sista mmoja wodi nzima. Najua wagonjwa ni wengi na dharura lazima itangulie. Ninachodai ni kitu kidogo mno: ukijua jana kwamba kesho haipo, NIPIGIE. Usimwache mtu mwenye HB ya saba akae masaa manane bila tone la maji, halafu umwambie aende. Siku ile ya kwanza alizimia kituoni tukisubiri gari. Alidondokea mgongoni kwa mama mmoja muuza karanga, yule mama ndiye aliyempepea kwa sinia lake na kumpa maji. Hospitali tuliyotoka muda huohuo hawakuwa wamempa hata hayo.

Tarehe ya nne ni Jumanne ijayo. Jana usiku ameniuliza kama kweli ni lazima afunge tena kula.

Kama kuna mtu aliwahi kupeleka malalamiko ya namna hii yakafanyiwa kazi, aniambie alianzia mlango gani. Na kwa aliye karibu na Temeke mwenye afya njema, uzito kilo 50 na zaidi, anayeweza kuchangia damu kabla ya Jumatatu, kundi lolote, aje PM. Nina wawili, nahitaji mmoja.