Bakuli la Bibi (gumzo la ukoo, Kongwa na Dodoma mjini)

Neema: Mbukwenyi! Napanga kabati la Bibi huku Kongwa, nimekuta lile bakuli la kioo la kijani [picha]

Mjomba Matonya: La Mjerumani hilo. Lisiguswe.

Shangazi Mariamu: Mjerumani wapi kaka, tumelilia karanga tangu wadogo 😂

Juma: Lipindue, nipigie kitako

Neema: [picha] Kuna maandishi yamevimba. Rd No 80, halafu tarakimu nne zimesagika

Juma: Mjomba utanisamehe. Rd ni usajili wa umbo kule Uingereza. Walianza na namba 1 mwaka 1884, Januari 1900 wakawa wamepita 351,000. Hii ya tarakimu sita inayoanzia na 80 ni ya 1935 au 1936 hivi.

Shangazi Mariamu: Si mnaona! Bibi alipewa na mama mmoja wa Kiingereza wa mradi wa karanga, akifunga virago

Mjomba Matonya: Mradi umeanza 1947. Namba inasema 1935. Mnaongopa wote.

Juma: Namba ni ya kusajili umbo, si siku lilipotengenezwa. Kalibu moja, yaani chombo cha kuumbia kioo, ilitumika miaka.

Neema: Limechongwa? Maua yamekaa vizuri sana

Juma: Pitisha kidole. La kuchongwa kingo zake zinakwaruza

Neema: Laini. Ila kuna mistari mitatu imeshuka toka mdomoni

Juma: Maungio ya kalibu hayo. Kioo kikiwa bado moto, kinavutika kama asali, hutiwa kalibuni, kisha chuma kinashuka kukishindilia. Ndiyo maana ndani patupu, maua yako nje tu.

Baba Neema: Si wanasema ya kijani yana urani, yanawaka gizani?

Juma: Gizani tu hayawaki, mpaka yamulikwe na taa ya zambarau. Neema, nenda kwa wakala wa pesa, ile ya kukagulia noti

Neema: Nimerudi. Halikuwaka. Wakala kanicheka sana

Juma: Basi si urani. Hata chuma hutia kijani.

Mjomba Matonya: Bei gani?

Shangazi Mariamu: Kaka!!

Mjomba Matonya: Nauliza tu.

Juma: Huo ufa mdomoni unalishusha. Vioo vya zamani hivi havitaki kitu cha moto ghafla

Shangazi Mariamu: Eeh… ufa ule ni wangu. Nilimimina uji, mwaka wa Vita vya Kagera. Mama hakujua mpaka anazikwa

Mjomba Matonya: Mariamu. Nilichapwa MIMI kwa ule ufa.

Shangazi Mariamu: Jumamosi nakuletea zabibu kaka

Mjomba Matonya: Kilo ngapi?