Sakafu ya jiko imeoza, nyumba ya zamani Igogo, Mwanza. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za mchana. Nyumba ni ya marehemu baba, ipo Igogo mlimani, jiko limeligeuzia mgongo jabali. Sakafu ni ya saruji ya kizamani. Pale kwenye sinki ukikwangua kwa kijiko inatoka kama chicha, ukuta kwa chini umeota unga mweupe wa chumvi, na kabati limeoza miguu hadi dona nimehamishia chumbani. Fundi aliyekuja anasema tubandike vigae juu yake, siku mbili kazi imekwisha. Moyo unasita.

SatoMkavu: Bandika dada, usijitese.

FundiJamvi: Asibandike! Vigae vinafunika tu maji, na vikishaachia utalipa mara mbili. Usiku funga koki zote, soma mita, asubuhi soma tena. Ikisogea, bomba linavuja. Halafu futa sakafu, bandika kipande cha nailoni kwa soltepu pande zote, kikae siku mbili. Kikilowa kwa chini, maji yanapanda kutoka ardhini.

BintiKirumba: Mwezi wa saba huwa inakauka?

Mleta uzi: Nimerudi. Mita haijasogea. Nailoni imejaa jasho kwa chini. Na kweli, kiangazi hukauka, ikija masika ndiyo balaa.

FundiJamvi: Basi ni hilo jabali. Mvua haipenyi kwenye jiwe, inateremka yote mpaka jikoni kwako, na zamani wengi walimwaga zege juu ya udongo bila nailoni. Anza na mtaro nyuma ya jiko, chini kuliko sakafu (usiuelekeze kwa jirani, mtaitana kwa mtendaji). Kisha vunja sakafu yote, si kiraka. Shindilia mawe na kifusi, mwaga mchanga mawe yasitoboe, tandika nailoni nzito ya ujenzi na uipandishe ukutani. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 10, limwagilie siku 7. Vigae subiri mwezi au zaidi. Ila mtaro uwahi kabla ya mvua za Oktoba.

SatoMkavu: Nafuta kauli.

Mleta uzi: Nimezunguka nyuma na jembe sasa hivi. Kuna mfereji wa mawe uliopangwa vizuri kabisa, umefukiwa na majani ya mwembe na makopo. Kumbe mzee alijua.

FundiJamvi: Zibua huo kwanza. Umeokoa hela ya kuchimba.