Naomba ushauri: makala ya utafiti, akili mnemba na tamko la mwandishi

Mtafiti wa Wete
Assalamu alaikum. Nimeandika makala kuhusu wakulima wa mwani wa Micheweni, Pemba, na jarida nililolipelekea linamtaka kila mwandishi atamke kama ametumia akili mnemba. Mimi niliitumia kunyoosha Kiingereza tu. Je, nitamke, au nitajiharibia?

Karafuu
Waalaikumu salaam. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, nani asiyeitumia? Mimi mhakiki aliwahi kunirudishia makala nzima kwa sababu ya Kiingereza changu, na hoja hakuzigusa hata moja. Hadi leo naumia. Tamka, ndugu yangu, huna kosa.

Mama Makunduchi
Mwanangu, COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ilishasema mwaka 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi kwa kuwa haiwezi kubeba dhamana ya kazi, na kwamba anayeitumia aeleze ametumia ipi na kwa namna gani. Hiyo programu yako ilinyoosha lugha tu? Marejeo umeyafungua moja moja?

Mtafiti wa Wete
Mapitio ya maandiko nayo iliyaandika yenyewe. Marejeo matatu siyaoni popote, na DOI (namba ya utambulisho mtandaoni) ya mojawapo inafungua makala ya mambo mengine kabisa. Hata hivyo nimeshapata mbadala, na nimekusudia kuyabadilisha kimyakimya wakati wa masahihisho, kwa sababu hoja yenyewe ni ya kweli: kotonii, aina mojawapo ya mwani, haistahimili maji yakizidi joto. Sioni aliyedhurika.

Maalim wa Chwaka
Uzi huu unanitia shaka. Kila jibu linakuja na siri mpya, kama zoezi la darasa la maadili. Pengine hata huyu mtafiti ni programu. Aliyefika Micheweni atueleze alichokiona.

Mtafiti wa Wete
Maalim, nilishinda pwani maji ya bamvua yalipotoka, kina mama wakifunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti. Mmoja alinipa tawi la kotonii lililogeuka jeupe, likakatika nilipolishika. Wengi wamerudia spinosamu, aina nyingine ya mwani, ingawa bei yake ni ndogo. Maneno yao nimeyarekodi mwenyewe, na programu iliyatafsiri vizuri.

Mama Makunduchi
Uliyapeleka mahojiano yao kwenye programu? Walikukubalia wewe, hawakuikubalia kampuni isiyowajua wala wao hawaijui. Hilo lina uzito kuliko marejeo. Mwandikie mhariri leo, kabla wahakiki hawajafika mbali: taja programu, sehemu iliyoandika, marejeo uliyoyaondoa na sababu yake. Kisha sikiliza rekodi upya, ulinganishe kila nukuu na sauti ya aliyeisema, na urudi Micheweni ukawaombe idhini ya lile ulilokwisha kulifanya.

Karafuu
Hapo nakubaliana na Mama. Makala ikishachapishwa na baadaye kufutwa, tangazo la kufutwa hubaki pale pale na jina lako.

Mtafiti wa Wete
Mhariri nitamwandikia usiku huu. Rekodi nitazisikiliza. Kurudi Micheweni bado nakufikiria, kwa sababu wakisema niyaondoe maneno yao, sina makala.

Mama Makunduchi
Waulize hivyo hivyo, mwanangu.