Shibe baada ya kufungwa mkanda wa tumbo: nitaitambuaje?

Swali

Habari zenu, wenzangu. Hii ni wiki ya tisa tangu nifungwe mkanda wa tumbo, yaani ile pete ambayo madaktari wa upasuaji huizungusha sehemu ya juu ya tumbo la chakula ili mtu ale kidogo na apungue unene, na wiki mbili zilizopita niliongezewa kwa mara ya kwanza maji ya mkanda, yale yanayoukaza. Majuma ya mwanzo ya vinywaji, na baadaye ya vyakula vilivyosagwa, niliyamudu bila taabu kubwa. Shida imeanza niliporuhusiwa kurudi kwenye chakula kigumu. Zamani nilijua kwamba nimeshiba pale tumbo lilipokuwa zito hata nikatamani kulegeza nguo. Sasa naingoja hali hiyo nayo haiji. Kinachokuja ni kifua kubana ghafla nyuma ya mfupa wa kidari, mate mazito kujaa mdomoni, na mara nyingine tonge la mwisho kurudi lilivyo, bila hata uchungu wa nyongo. Baada ya saa mbili nina njaa tena. Cha ajabu ni kwamba nikinywa supu iliyosagwa au mtindi, vyote vinapita kana kwamba mkanda haupo.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, huko kubanwa kifuani ndiko kushiba kwa sisi wenye mkanda? Na je, niombe mkanda wangu ukazwe zaidi?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwenye mkanda kwa mwaka wa saba

Pole sana, ndugu yangu. Kubanwa kifuani si kushiba, ni kukwamwa, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa karibu mwaka mzima nikila mpaka nikwamwe, kisha naondoka mezani nikijisifu kwamba nimeshiba. Shibe unayoingoja, ile ya tumbo zito, usiingoje tena; ikija ujue umeshapitiliza. Shibe ya mkanda ni ya kimya. Kwangu huanza kwa hamu kupungua tu: chakula kilichokuwa kitamu dakika tano zilizopita sasa hakinivuti, nashusha pumzi ndefu bila kukusudia, au inanijia kwikwi moja. Wengine huchuruzikwa na makamasi mepesi. Hapo ndipo pa kuacha, hata kama sahani ina chakula, na tonge moja baada ya ishara hiyo ndilo hukwama.

Kwa kuwa ishara yenyewe ni hafifu, mwanzoni usiitegemee peke yake. Pima chakula kabla ya kukaa. Mimi nilianza na nusu kikombe, na mpaka leo sivuki kikombe kimoja. Kata tonge dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, litafune mpaka lilainike kabisa, limeze, kisha weka uma chini na usubiri kama dakika moja kabla ya kuchukua jingine. Jambo gumu si kutafuna bali ni kule kusubiri, kwa sababu mkono umezoea kuandaa tonge la pili wakati la kwanza lingali mdomoni. Zikitimia dakika 20 au 30, maliza, maana ukirefusha mlo kwa saa nzima utakuwa unajaza kinachopita.

Kuhusu supu na mtindi, huo ni mtego ambao wengi wetu tumenaswa nao. Vitu laini huteleza bila kuugusa mkanda sawasawa, na mtu akiogopa kukwamwa huvikimbilia, halafu uzito unagoma kushuka naye anashangaa. Usinywe chochote pamoja na mlo wala mara tu baada yake, na soda iache kabisa. Mkate laini, wali uliogandamana na nyama kavu isiyo na mchuzi hukwamisha watu wengi. Vijaribu ukiwa nyumbani, si mbele ya wageni.

Jibu la pili, kutoka kwa muuguzi wa kliniki ya upasuaji wa unene

Aliyetangulia amesema kweli, nami nitaongeza sababu, kwa kuwa mtu akielewa jinsi mkanda unavyofanya kazi huacha kupigana nao. Zamani ilifikiriwa kwamba kile kifuko kidogo cha tumbo kinachobaki juu ya mkanda hujaa chakula, kisha humwaga chini polepole. Mkanda uliokazwa kwa kiasi chake haufanyi hivyo. Umio husukuma kila tonge kwa mikazo kadhaa, mara nyingi kati ya miwili na sita, mpaka tonge lote lipite, na kazi hiyo huweza kuchukua hadi dakika moja. Kila msukumo huigusa sehemu ya juu ya tumbo, nayo mishipa ya fahamu iliyoko hapo hupeleka habari ya shibe kwenye ubongo. Ukimeza tonge la pili kabla la kwanza halijapita, yatarundikana, kifuko kitatanuka, nawe utapata maumivu yale uliyoyaeleza. Ndiyo maana kimiminika hakishibishi: hakihitaji kusukumwa.

Sasa kuhusu kukaza. Sisi huongeza maji pale mgonjwa anapohisi njaa mapema kati ya mlo na mlo, anapoweza kula kiasi kikubwa bila taabu, na uzito haupungui. Akiwa anakwamwa mara kwa mara, anakohoa usiku, ana kiungulia anapolala au hawezi kumeza kigumu, huwa tunapunguza. Wewe una njaa ya mapema na pia unakwamwa, na kwa maelezo yako naona mwendo wa kula ndio wa kurekebishwa kwanza. Kumkazia mkanda mtu anayekwamwa kila siku ni kumsukumia kwenye vyakula laini zaidi. Mweleze daktari wako yote mawili, usimtajie njaa peke yake. Isitoshe, wiki ya tisa bado ni mapema: watu wengi huhitaji kuongezewa maji mara kadhaa, kidogo kidogo, kabla ya kufika mahali panapowafaa.

Ukikwamwa, usinywe maji kwa nia ya kusukuma tonge, kwani maji nayo hayatakuwa na pa kupita. Simama, tembea taratibu, ungoje. Baada ya hapo kaa na vinywaji vyepesi kwa siku nzima, kwa sababu eneo hilo huwa limevimba na tonge la pili hukwama kwa urahisi zaidi. Kama hata maji au mate hayapiti, kama unatapika mfululizo au una maumivu makali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maji ya mkanda hutolewa kwa sindano kupitia kile kidude kilichowekwa chini ya ngozi, na nafuu mara nyingi huja papo hapo.

Jibu la tatu

Mimi mkanda wangu ulitolewa mwaka wa nne, na siandiki haya kwa kukutisha. Nilikuwa nikitapika mara tatu au nne kwa wiki nikiamini kwamba ndivyo mkanda unavyofanya kazi. Kikohozi cha usiku nilikidhania mafua. Kumbe tumbo lilikuwa limepanda juu kupitia mkanda, na kifuko kikawa kikubwa upande mmoja. Hakuna aliyeniambia kwamba kutapika si sehemu ya mpango, lakini nami sikuuliza. Wewe umeuliza katika wiki ya tisa.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Nimejaribu kwa siku nne sasa, kikombe cha kupimia kikiwa mezani na saa mbele yangu. Jana mchana, nilipofika kama tonge la kumi na mbili, nilishusha pumzi ndefu. Nikaweka uma chini, na njaa haikurudi kwa zaidi ya saa nne. Asubuhi bado ni tatizo, kwani hata yai laini linagoma. Tena, vidonge vyangu vya vitamini ni vikubwa na jana kimoja kilining'ang'ania.

Muuguzi

Wengi huhisi mkanda umebana zaidi asubuhi. Anza na kinywaji cha vuguvugu, kisha chelewesha mlo wa kwanza. Vidonge vikubwa usivimeze vizima. Mwulize mfamasia kama vipo vya kutafuna au vya maji, na usisage dawa yoyote kabla hajakuhakikishia kwamba inafaa kusagwa.