Kazi huanzia wapi: mlangoni kwako au getini kwa tajiri?

Hili naomba tuligombanie bila matusi. Jirani yangu hapa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Industrial Area, kwa miguu kama kawaida yake. Pikipiki ikamgonga Enterprise Road, mguu ukavunjika. Kiwandani wakamwambia: pole sana, lakini hukuwa kazini, ulikuwa njiani.

Nikaitafuta sheria yenyewe, ile ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, tunayoiita WIBA. Kifungu cha 10 kinasema ukibebwa na gari ambalo mwajiri amelitoa mahsusi kupeleka wafanyakazi, likiendeshwa na yeye au mtu wake, hapo unahesabiwa uko kazini. Basi aliyesinzia kwenye basi la kampuni yuko kazini, na anayetembea kando, akirushiwa matope na basi hilohilo, hayuko.

*Mwenye duka, Gikomba:* Ndugu, nimeajiri watu wanne. Mmoja anakaa Rongai kwa hiari yake. Nibebe ajali za matatu zote za Lang'ata Road? Na akipitia baa kwanza je?

Hiari? Mlipe basi akae Ngara tuone kama atapanda gari la Rongai. Ila la baa nakubali, hiyo ni safari yake.

*Kibarua, Lunga Lunga:* Nyinyi angalau mna kazi ya kuiendea. Sisi tunasimama getini kuanzia saa kumi na mbili, msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Usipochaguliwa, ulikuwa unaenda wapi?

Hapo umenifunga mdomo, kaka. Hiyo sina jibu.

Lakini kwa aliyeajiriwa, mimi mpaka ningeuweka kwenye agizo, si kwenye geti wala gari. Msimamizi akikupigia ungali kwenye steji, "pitia River Road uchukue mikanda ya mashine," kuanzia hapo uko kazini, hata kama nauli umejilipia.

*Mwenye duka, Gikomba:* Sawa, na huyo jirani yako alikuwa ametumwa nini?

Afungue stoo kabla zamu ya asubuhi haijaingia. Funguo alikuwa nazo mfukoni. Saa mbili walikuwa wameshatuma mtu wodini kuzichukua, hata plasta hajafungwa.