Mafuta ya argani: ya kula na ya kupaka yanatofautianaje?

Msusi wa Makorora

Assalamu alaikum ndugu wanajukwaa. Mimi ni msusi hapa Tanga, na tangu msimu wa harusi uliopita wateja wangu wamekuwa wakiulizia mafuta ya argani, kwa kuwa wamesikia kwamba yanatoka Moroko na yanafufua nywele zilizoharibiwa na dawa. Nilinunua chupa kubwa ya plastiki, yenye manukato makali na bei nafuu, nikampaka bibi harusi mmoja. Siku ile nywele ziling'aa sana, lakini baada ya kuoshwa mara mbili zilianza tena kukatika kama awali, jambo lililoniumiza kwa sababu alikuwa ameniamini.

Baadaye muuzaji mwingine alinionyesha chupa ndogo ya kioo cheusi, ghali mno, inayonukia kama karanga zilizokaangwa, akasema kuwa hayo ni ya kula lakini hata nywele yanazifaa. Mama mkwe wangu, ambaye tangu usichana wake hupaka mafuta ya nazi tu, anasema ninatupa fedha. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze mafuta haya yana aina ngapi, yanafanya kazi gani ambayo nazi haifanyi, na nitayatambuaje yaliyo safi.

Mfamasia wa Chumbageni

Wa alaikumu salaam, dada. Argani ni mti wa miiba unaoota kwa asili kusini-magharibi mwa Moroko, katika nyanda za Essaouira, Agadir, Taroudant na Tiznit, na katika eneo dogo la Algeria. Tunda lake lina kokwa ngumu sana, na ndani ya kokwa mna kiini kimoja hadi vitatu. Mafuta hutoka kwenye kiini hicho peke yake, ndiyo maana huhitajika takriban kilo 30 za matunda ili kupata lita moja. Ukilijua hilo, utaona kwa nini chupa kubwa ya bei nafuu haiwezi kuwa argani tupu.

Ya kula na ya kupaka hutoka kwenye kiini kilekile. Kwa mafuta ya kula, viini hukaangwa kwanza, na kukaangwa huko ndiko kunakoyapa rangi iliyokoza na ile harufu uliyoisikia. Ya kupaka hukamuliwa kutoka viini visivyokaangwa, na harufu yake ni hafifu. Kwa hiyo muuzaji wa chupa ndogo hakukudanganya, ila mteja wako atatembea na harufu ya jikoni kichwani. Kinyume chake usikifanye hata siku moja, kwa sababu mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupaka huenda yametiwa vitu visivyofaa kuliwa.

Kuhusu kazi yake, karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya oleiki na karibu theluthi ni asidi ya linoleiki, ambazo ni asidi za asili zinazounda mafuta, pamoja na vitamini E ya kutosha. Asidi ya linoleiki ni miongoni mwa vitu ambavyo ngozi huvitumia kujenga utando unaozuia maji yake yasipotee, na ndiyo sababu ngozi kavu hulainika ikipakwa mafuta haya, na usoni ni mepesi kuliko ya nazi, ambayo kwa wenye chunusi huziba vitundu vya ngozi. Kwenye nywele, huufunika unywele kwa nje na kupunguza msuguano wakati wa kuchana. Hayaungi unywele uliokwisha kukatika na hayatoshi kuikinga ngozi na jua. Anayekuahidi hayo anakuuzia maneno.

Tafadhali geuza chupa yako usome viambato, kwa kuwa huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Argani safi ina jina moja tu, Argania spinosa. Ukikuta mwanzoni dimethicone au jina jingine la jamii hiyo, hiyo ni silikoni, nayo ndiyo huleta mng'ao wa siku chache.

Mpishi wa Meli Mstaafu

Niongeze upande wa jikoni, ambao naona watu wengi hawaujui. Nilipokuwa mpishi wa meli tulitia nanga Agadir mara kadhaa, na huko nilijifunza kuyaheshimu mafuta haya. Wanawake wa Kiamazighi, wenyeji wa huko, huvunja kokwa kwa mkono, jiwe juu ya jiwe, na ingawa katika vyama vyao vya ushirika ukamuaji siku hizi hufanywa kwa mashine, kazi ya kuvunja kwa sehemu kubwa bado ni yao. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi wao wa argani katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na aliyewahi kuwatazama wakiketi saa nzima kwa kiganja kimoja cha viini hatashangaa.

Mafuta haya hayakaangiwi. Ukichomea maandazi, moto utaondoa ladha uliyoilipia. Wenyewe humiminia kidogo juu ya kuskusi au saladi chakula kikiwa tayari mezani, na asubuhi huchovya mkate kwenye amlou, ambayo ni lozi zilizokaangwa na kusagwa laini, zikachanganywa na mafuta ya argani na asali. Mimi huila kwa mkate wa mofa, na muhogo wa kuchemsha nao huupokea vizuri sana. Asiyeweza bei yake atumie mafuta ya ufuta uliokaangwa. Si ladha ileile, lakini ni ndugu zake.

Msusi wa Makorora

Ahsanteni sana. Nimeigeuza chupa yangu, na silikoni ndiyo ya kwanza, kisha manukato, na argani iko karibu na mwisho kabisa. Nimemwita yule bibi harusi aje nimhudumie upya bila malipo. Sasa nianze na nini kwenye nywele zake?

Bibi wa Muheza

Mwanangu, mama mkwe wako hajakosea, ila naye asikatae kila kigeni. Ikune nazi iliyokomaa, chuja tui zito, liache lijitenge, kisha ulichemshe kwa moto mdogo mpaka mafuta yaelee na mashapo yageuke rangi ya kahawia. Mpake usiku, umfunge kilemba, umwoshe asubuhi. Mwenzangu wa Amani ana mafuta ya msambu, mti wa misitu yetu ya Usambara Mashariki, ambayo huganda kama samli. Hayo yafaa visigino vilivyopasuka, lakini nywele laini yatazilemea.

Mfamasia wa Chumbageni

Shikamoo bibi, na utaratibu wako una sababu za kitaalamu. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki nyingi, ambayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ndiyo kazi ambayo argani haiimudu vizuri. Kwa hiyo, dada, nazi itangulie kabla ya kuosha, na argani ifuate nywele zikiwa bado na unyevu, matone mawili au matatu tu, uyasugue viganjani na kupaka kuanzia katikati hadi ncha, bila kugusa ngozi ya kichwa. Kabla ya hapo mpake tone moja upande wa ndani wa mkono na usubiri siku nzima, hasa ikiwa ana mzio wa karanga au lozi. Ncha ambazo zimekwisha kupasuka zipunguze kwa mkasi siku hiyohiyo, na chupa uihifadhi kabatini mbali na dirisha, kwa sababu joto la Tanga na mwanga huyaharibu mafuta haya mapema.