Gumzo la ukoo: kiti cha mchekeshaji

Shangazi Mwanaisha: Asalaam aleikum, ukoo wangu. Jana watoto walinifungulia vipindi vya zamani vya Churchill Show, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, nikatazama hadi saa saba za usiku, na leo mbavu zinaniuma. Naomba mnieleze kwa nini wageni walimfungukia yule mchekeshaji anayekiendesha, Daniel Ndambuki, kuliko wanavyowafungukia watangazaji wa habari wenye tai na karatasi.

Mwalimu Omari: Waaleikum salaam, dada. Mimi sikubaliani nawe hata kidogo. Mchekeshaji akimhoji mkubwa, swali gumu hugeuka mzaha kabla halijajibiwa, na mgeni hutoka pale akiwa msafi kuliko alivyoingia.

Salim: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mwalimu. Niliwahi kuhudhuria kipindi kikirekodiwa pale ukumbi wa Carnivore, hapa Nairobi, na nilishangaa kuona kwamba kile mnachokitazama nyumbani kwa muda mfupi hula jioni nzima, kwa kuwa kuna kuchangamsha ukumbi, kurekebisha vipaza sauti na kungoja. Lakini mtazameni Ndambuki akiwa na watoto. Huchuchumaa mpaka macho yao yalingane, huuliza jambo dogo tu la nyumbani, kisha hunyamaza, na mtoto huanza kumwaga siri za sebuleni huku wazazi wake wakificha nyuso. Kule kunyamaza ndiko kuhoji kwenyewe.

Mjomba Hamisi (Minneapolis): Salim amenena. Nilipofika Marekani mwaka 1989 nilimkuta mchekeshaji Johnny Carson katika miaka yake ya mwisho ya kuendesha The Tonight Show, kipindi cha mahojiano cha usiku cha runinga ya huku, kiti alichokikalia tangu tarehe 1 Oktoba 1962 hadi 22 Mei 1992. Mchekeshaji chipukizi akimfurahisha, Carson humwita kwa mkono aje aketi kwenye kochi kando yake, na kwa wasanii wa huku wito huo ulikuwa kama kupewa cheti. Mchekeshaji Ellen DeGeneres aliitwa hivyo mwaka 1986, alipotokea pale kwa mara ya kwanza.

Mwalimu Omari: Hayo ni ya wasanii wao kwa wao, Hamisi. Mimi nazungumzia watu wenye uzito.

Mjomba Hamisi (Minneapolis): Nilikuwa nakuja huko, kaka. Februari 1968 Carson alimwachia Harry Belafonte kiti hicho kwa juma moja, naye akawaleta Seneta Robert Kennedy na Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi. King alichelewa kwa sababu ya hitilafu ya ndege, akaingia akifanyia mzaha safari hiyo na kifo chake mwenyewe, watu wakacheka. Tarehe 4 Aprili aliuawa, na Kennedy akafuata mwezi Juni. Sidhani kama King angeyasema vile mbele ya mtangazaji aliyekunja uso.

Mwalimu Omari: Hilo limenigusa, ingawa Belafonte alikuwa mwimbaji. Hata hivyo bado nina neno na hawa wa kwetu, kwani mizaha mingi hutegemea lafudhi: Mkamba anasema hivi, Mluhya anasema vile, na Mpwani kila siku ni mvivu aliyelala chini ya mnazi.

Shangazi Mwanaisha: Nakiri kosa. Walipoigwa wengine nilicheka hadi machozi, na zamu yetu ilipofika nikaomba rimoti.

Salim: Mizaha ya lafudhi imechakaa, Mwalimu, hapo sikupingi. Lakini kumbukeni kwamba Redykyulass, kundi la wachekeshaji wa Kenya, walimwigiza Rais Moi kwenye runinga akiwa bado Ikulu, wakati ambapo wazee wetu walilitaja jina lake kwa kunong'ona. Mmoja wao, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017.

Mwalimu Omari: Basi huyo ndiye ningependa kumwona akihojiwa na mchekeshaji.